Mawe ya Chole kwenye msingi wa mjomba

Nimekuwa kimya majuma matatu. Mlioniulizia, asanteni. Sijaacha kuandika wala sijafukuzwa kazi, nilikuwa Mafia. Na kabla hujaanza utani wa kila siku, hapana, hakuna Waitaliano wala bunduki. Ni kisiwa chetu, wilaya ya Mkoa wa Pwani, kinatazamana na delta ya Rufiji, na ndiko alikozaliwa mama yangu.

Sasa nikiri jambo. Nyumba niliyokuwa nalala kila likizo nikiwa mtoto, pale kisiwani Chole, imesimama juu ya mawe ya wizi. Au tuseme mawe ambayo mimi leo nayaita ya wizi na mjomba wangu anayaita mawe tu. Barazani, upande wa kulia wa mlango, kuna jiwe moja jeupe ambalo si kama mengine. Lina mifereji mitatu iliyonyooka kama imepigwa rula. Nikiwa mdogo nilikuwa nazungusha gololi ndani ya mifereji hiyo. Nimemaliza chuo Mlimani, nimeanza kazi gazetini, nimerudi safari hii, nimelitazama tena lile jiwe na moyo ukanidunda. Ni kipande cha fremu ya mlango au cha mihrabu. Kuna fundi alilichonga kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mimi nimelifanya uwanja wa gololi.

Nilimpigia mhariri wangu nikamwambia nina makala ya magofu ya Mafia. Akaniuliza kama nimewaona papa potwe. Nikamwambia msimu wao ni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, na mimi sikuja kwa ajili yao. Akasema basi nimletee aya nne. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo hakuna wa kunikata.

Kwanza majina, kwa sababu ndani yake imefichwa nusu ya historia. Zamani funguvisiwa lote hili liliitwa Chole. Kisiwa kikubwa, hiki ambacho leo tunakiita Mafia, kilikuwa Chole Shamba. Kile kidogo, ambacho unaweza kukimaliza kwa miguu asubuhi moja, kilikuwa Chole Mjini. Soma tena. Kikubwa shamba, kidogo mji. Wenye minazi walikaa mjini, kwenye upepo, na watu waliopanda, kupalilia na kuangua minazi hiyo walikaa ng'ambo. Hao wa ng'ambo wengi wao walikuwa watumwa. Nitarudi kwao, kwa sababu mjomba alinirudisha kwao kwa nguvu.

Ukitoka Utende na mashua, Chole unaiona kama kichaka kinachoelea. Ukishuka unaanza kuona kuta. Ziko ndani ya miti, na hapa sitii chumvi: miti ya jamii ya mkuyu imeota juu ya kuta, ikateremsha mizizi pande zote mbili, ikazikumbatia. Mizizi hiyo imelipasua jiwe na mizizi hiyo hiyo ndiyo inayolishikilia lisianguke. Mtu wa Mambo ya Kale akija na panga, ukuta utaanguka pamoja na mti. Akiuacha mti, ukuta utaanguka taratibu zaidi. Juu yake wananing'inia popo wakubwa wala matunda, wa jamii moja na wa Komoro, na mchana kutwa wanagombana kama abiria wa daladala.

Haya ni magofu ya karne ya 19 zaidi, ya wakati wa masultani wa Zanzibar, na juu yake ya Wajerumani. Kuna nyumba za matajiri wa minazi, kuna jela, kuna boma. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 ikachukua ukanda wa pwani pamoja na Mafia. Mwaka 1892 ofisa wake akaja kukaa Chole, na baadaye likajengwa boma la ghorofa. Walikaa hapo mpaka 1913 walipohamishia makao Kilindoni, kwenye kina cha kutosha meli kutia nanga. Chole ikaanza kufa siku hiyo. Kilindoni nayo hawakuifaidi, kwani Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia yote, wakaitumia kuruka na ndege zao kwenda kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye mikoko ya Rufiji. Iliangamizwa Julai 11, 1915. Vijana wanaosema hakuna kilichowahi kutokea Mafia wanikumbuke hapo.

Lakini nataka tukae kidogo kwenye ujenzi wenyewe, kwa sababu tumezoea kutazama magofu kama vile yaliota. Nyumba ya mawe ya pwani ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa. Mawe magumu ya ukuta huchimbwa nchi kavu, kwenye miamba ambayo zamani ilikuwa chini ya bahari. Ila ya nakshi, yale ya mihrabu, ya fremu za milango na ya madaka, yanakatwa baharini yakiwa hai. Yakitoka majini ni laini, yanachongeka karibu kama sabuni ya mche. Yakikaa hewani yanakuwa magumu. Kwa hiyo fundi hana muda wa kujaribu na kufuta. Ile mifereji mitatu ya barazani kwa mjomba ilichongwa na mtu aliyekuwa anashindana na jua.

Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo. Unapanga magogo duara, gogo juu ya gogo, juu yake unarundika mawe, unawasha. Tanuu likiisha kuungua unabaki na unga mweupe, unaumwagia maji, unaacha ukae miezi ili utulie. Wazee wanasema chokaa ya haraka ni chokaa ya kuanguka. Halafu dari: boriti za mikoko kutoka Rufiji, zimelazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa tena. Boriti ina urefu wake, na fundi hawezi kuivuta. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Hata Ghuba ya Uajemi, ambako boriti zetu zilisafirishwa kwa majahazi karne na karne, vyumba vilipata upana kutoka kwenye mti wa Rufiji. Mimi jambo hili lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasoma. Sheikh wa Ghuba amelala katika chumba ambacho upana wake umeamuliwa na tope la Nyamisati!

Haya, twende Kua.

Kua iko kisiwa cha Juani, kusini ya Chole. Hufiki unapotaka wewe, unafika bahari inapotaka. Maji yakijaa, mashua inaingia mpaka karibu na mji kupitia kwenye mikoko. Yakipwa, mnabaki kwenye tope. Nahodha wetu alitupa saa mbili, akasema tukichelewa yeye anaondoka na maji yake. Nilidhani anatania.

Sijui nilitegemea nini. Nimeona picha za Kilwa, nimeshika tiketi ya Kaole kule Bagamoyo nikiwa shule. Kua ni mji mzima uliolala porini. Kuna jumba la ghorofa ambalo wenyeji wanaliita la mfalme, na kuta zake za juu bado zimesimama kwa sehemu. Kuna misikiti kadhaa, makaburi, nyumba na nyumba tena mpaka unachoka, kisha unagundua bado hujamaliza. Sehemu kubwa ya unachokiona ni ya karne ya 18, ingawa watu waliishi pale kabla ya hapo. Na Juani kwenyewe ni pa zamani zaidi ya mawe yote. Karibu na shule ya msingi ya kisiwa hicho wanaakiolojia wamechimbua vigae vya watu walioishi pale kabla ya mwaka 700, wakulima na wavuvi ambao hawakujenga kwa jiwe hata moja. Watoto wanacheza mpira juu yao.

Ndani ya gofu moja nilikuta chupa ya marashi ya mawaridi, na sahani yenye mabaki ya ubani. Mwenyeji wetu alivua kofia, akapita pembeni bila kusema kitu. Sikuuliza. Mtu anayesema Kua imeachwa ajue kuwa kuna watu wanaokwenda kule na haja zao, usiku wa kuamkia siku wanazozijua wao, na pengine hao ndio waliosababisha mawe ya Kua yabaki Kua. Hakuna mtu wa Juani aliye na akili timamu atakayebeba jiwe kutoka kwenye nyumba yenye mwenyewe asiyeonekana. Chole haina bahati hiyo.

Kila anayefika Kua hupewa kisa cha Kisimani, na mimi nilipewa cha bibi nikiwa na miaka saba, gizani, kwa hiyo nakieleza kama nilivyokisikia. Watu wa Kisimani, mji wa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, waliunda jahazi. Likaisha, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishua. Wageni wakaja na watoto wao. Jahazi lilipokuwa tayari kuvutwa baharini, watu wa Kisimani wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani mahali pa magogo ya kuteleza, na jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua wakarudi kwao. Hawakupigana. Wakakaa miaka, wakajenga chumba chini ya ardhi, kizuri, wakakipamba. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wageni walipokuwa wanakula na kuimba, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mzee aliyebaki kuwachangamsha, mpaka mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa.

Bibi alikuwa anamalizia kwa kugonga ukuta wa chumba tulicholala. Mara tatu. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kupenda historia, au wa kuogopa kuta.

Chumba hicho hakijaonekana. Na mwandishi wa habari aliyemo ndani yangu ana maswali. Kisimani ni mji mkongwe sana. Tarehe ya Kilwa inasema mtoto wa sultani wa kwanza wa Kilwa alitawala Mafia, na uchimbaji wa Neville Chittick, mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanganyika, aliyetoa kitabu chake juu ya Kisimani mwaka 1961, ulionyesha mji uliostawi katika karne za kati, enzi ya Kilwa. Kua tunayoiona ilistawi muda mrefu baadaye. Hapo pana pengo la miaka mingi kwa watu wawili kualikana harusi. Lakini sidhani kisa ni cha bure. Miji ya pwani ilichukiana kweli. Tunapenda kuandika "ustaarabu wa Waswahili" kana kwamba wote walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Walikuwa washindani, wa biashara, wa bandari, wa vyeo, na hadithi ya watoto na jahazi imehifadhi chuki ambayo vigae haviwezi kuihifadhi.

Kisimani yenyewe haina mengi ya kukuonyesha. Bahari imeila. Sehemu kubwa ya mji ule iko chini ya maji au imekwenda na mchanga, na kilichobaki ufukweni kinaendelea kuondoka. Wenyeji wana kisa chao: mtawala alipojengewa jumba zuri kuliko yote, akamkata fundi mkono asije akamjengea mwingine, na bahari ikapanda kulipa kisasi. Nakipenda kisa hiki kwa sababu moja tu. Ni mahali pekee katika habari zote za Mafia ambapo fundi anatajwa.

Kua haikuliwa na bahari, iliuawa na watu waliokuja kwa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walikuwa wanavuka na makundi ya mitumbwi, wanapiga Komoro, wanapiga pwani ya Msumbiji, wanachukua watu wa kuuza. Masimulizi yanasema waliiingia Kua na mitumbwi 80, wakaua, wakabeba waliobaki. Idadi hiyo simuapii mtu, lakini mji haukuinuka tena. Utawala na biashara vikahamia Chole, chini ya Zanzibar, na ndipo magofu ya Chole niliyoyaeleza yalipoanza maisha yao kama nyumba mpya za watu wapya.

Huo ndio utaratibu wa visiwa hivi: Kisimani, Kua, Chole, Kilindoni. Mji unakufa, mwingine unazaliwa ng'ambo ya maji, na unayaona magofu ya ule wa zamani ukikaa barazani kwa ule mpya.

Sasa mjomba.

Jioni ya siku niliyorudi Kua nilikuwa nimejaa maneno. Nilimkuta anafuma wavu. Nikamwambia, "Mjomba, lile jiwe lenye mifereji lilitoka wapi?"

"Si kule magofuni. Mwaka themanini na tatu."

Akanieleza bila haya yoyote. Mwaka 1983 saruji ilikuwa ya kibali. Wasomaji wa rika langu waulizeni wazazi wenu, maana nchi ilikuwa haina sukari, haina sabuni, sembuse mfuko wa saruji wa kuvushwa Mafia. Alikuwa ameoa, alikuwa anakaa kwenye udongo na makuti. Kuta za magofu zilikuwa zinaanguka zenyewe kila masika. Akaenda na toroli usiku mbili tatu, kisha akaona hakuna anayeuliza, akaenda mchana. Hakuwa peke yake. Alinitajia nyumba tano kwa vidole, kila moja na msingi wake umetoka wapi: huu kwenye nyumba ya Mwarabu fulani, huu jela, huu boma.

Nikamwambia kuwa ile ni mali ya taifa. Nilisema hivyo kweli, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nikamweleza habari ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwamba hata mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 huwezi kuuza unavyotaka. Sikumwambia sehemu inayoniudhi mwenyewe, kwamba kwa majengo sheria hiyo imeweka mwaka wa ukomo ulio kabla ya Mjerumani kutia mguu Chole, kwa hiyo boma lake halilindwi mpaka waziri alitangaze kwa jina.

Mjomba akaweka wavu chini. "Mjomba wee, hebu niambie. Hayo mawe nani aliyabeba mara ya kwanza?"

Nikanyamaza.

"Nani aliyakata baharini? Nani aliyachoma chokaa? Mwenye nyumba? Bibi yake bibi yako aliletwa hapa kutoka bara, hakuja kutembea. Akazalia hapa. Wewe bibi yako alikuambia ninyi Washirazi, eti? Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Mama yake ndiye aliyenieleza ukweli, siku moja, akiwa mgonjwa. Sasa mimi nimechukua toroli kumi na mbili za mawe. Hesabu mshahara wao hao, kisha uniambie nadaiwa kiasi gani."

Wasomaji, mimi ni mtu wa maneno, nalipwa kwa maneno, na sikuwa na hata moja. Maisha yangu yote nimejua kwamba kwetu ni Washirazi. Nimelisema hilo chuoni, nimelisema kwa mchumba. Zanzibar ilifuta hadhi ya utumwa mwaka 1897. Huku kwetu Mjerumani alikawia, akaishia kutangaza kuwa watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwisho wa 1905 ni huru, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria na Mwingereza mwaka 1922. Hiyo si zamani. Mama yake bibi alikuwa amezaliwa tayari. Ukitembea Mafia leo hukuti mtu atakayekuambia mimi wa ukoo wa watumwa, ingawa kisiwa kizima kilipandwa minazi kwa mikono yao. Wote tumehamia upande wa wenye nyumba za mawe.

Nilikesha nikiifikiria hesabu yake, na bado naona ina kasoro. Kama jiwe la barazani lilichongwa na mtumwa, basi ndiyo alama pekee ya mkono wake iliyobaki duniani. Jina lake halipo, kaburi lake halina jiwe. Mifereji mitatu ndiyo picha yake na saini yake. Kulitoa mahali pake ni kumfuta mara ya pili. Hilo ndilo jibu nililolipata saa tisa usiku. Asubuhi nikamwambia mjomba, akatafuna muhogo wake, akasema, "Sasa limefutwa wapi na umelikuta barazani kwangu? Kule lingekuwa chini ya mizizi, popo wanalinyea."

Ana hoja, na mimi naandika hivi nikijua ana hoja. Lakini pia niliona ukuta wa boma uliopungua tangu nilipokuwa na miaka kumi, na hakuna saruji ya kibali siku hizi.

Tatizo jingine ni kwamba hata tukiamua leo kuzitunza kuta hizi, tutazitunza kwa nini? Saruji haielewani na matumbawe. Ukuta wa chokaa unapumua, unapokea unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinafungiwa ndani, jiwe linasagika nyuma ya plasta huku nje panang'aa. Inatakiwa chokaa. Na chokaa ya kienyeji ni matumbawe, na tangu 1995 eneo hili, pamoja na Chole na Juani, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini. Kukata matumbawe ni kosa, na ni sawa liwe kosa. Miaka ya mwanzoni mwa 1990 yalikuwa yanachimbwa na kuchomwa Mafia hadi wanasayansi wakaandika makala za kulia. Kwa hiyo chokaa itoke nje, kwa fedha, na fedha zinafuata majina makubwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, vikakarabatiwa, vikatolewa hatarini 2014. Gedi ya wenzetu Wakenya, iliyolindwa tangu miaka ya 1920 na kuchimbwa na James Kirkman kuanzia 1948, imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kua, ambayo mimi kwa macho yangu naiona haina cha kuionea haya Gedi, ina chupa ya marashi na nahodha mwenye haraka.

Na nani ataifanya kazi hiyo? Niliuliza Chole nzima fundi anayejua kupanga tanuu. Nilielekezwa kwa mzee mmoja. Waunda mashua wapo, na kazi yao ukiitazama hutaki kuondoka, wanapinda mbao kwa jicho tu bila mchoro. Chokaa anaijua mzee mmoja. Nilimwamkia, nikakaa naye asubuhi nzima, nikarekodi dakika 94 kwenye simu. Alinionyesha kwa vijiti namna ya kupanga magogo, yapi mabichi na yapi makavu, upepo ukae upande gani. Alipofika kwenye kutuliza chokaa, alinisimamisha akaniuliza kama nina kiwanja. Nikasema sina. Akauliza sasa hayo yote nayataka ya nini.

Siku ya kuondoka nilimwomba mjomba ruhusa ya kupiga picha lile jiwe na kulipima. Alinishikia upande mmoja wa kamba mwenyewe. Urefu sentimeta 61, upana 22. Mfereji wa kati una kina kuliko ya pembeni, na mwishoni, kwa chini, ambako nilikuwa sijawahi kutazama kwa sababu pamefunikwa na udongo wa baraza, fundi aliteleza. Patasi ilikimbia ikaacha mkwaruzo wa nusu kidole, akaendelea na kazi. Mjomba alipitisha ukucha pale akacheka, akamwita mjukuu wake aje aone. Mtoto akaja na gololi mkononi.